Tishu za Mimea (3): Ukuta Ndio Unaoamua

Vitabu vingi vya shule huanza kwa kugawa tishu za mimea kwa uhai: parenkima na kolenkima ziko hai, sklerenkima imekufa. Mgawanyo huo ni rahisi kukariri, lakini kigezo chenye nguvu zaidi ni ukuta wa seli, na jani la mkonge linatosha kuonyesha hivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na mengi yamehifadhiwa katika parenkima, yaani seli pana zenye kuta nyembamba. Singa, yaani nyuzi zake, ni takriban asilimia 4 tu. Korona, mashine ya kutenganisha singa, inapoliponda jani, kuta hizo nyembamba hupasuka na nyama ikaondoka na maji. Singa, ambazo ni mafungu ya sklerenkima, hubaki. Singa ya urefu wa mita moja si seli moja. Ni seli nyingi za milimita chache tu, zilizochongoka ncha, zikapishana na kugandamana, kila moja ikiwa na ukuta mnene wa selulosi uliokazwa kwa lignini. Linganisha na zile nyuzi ambazo mpishi humenya kwenye vikonyo vya majani ya maboga. Humo mna kolenkima: ukuta wake umenenepa pembeni, hauna lignini, na kwa hiyo hutanuka kikonyo kinapokua.

Mwalimu anaweza kupinga: kama uhai si kigezo, mbona seli za sklerenkima hufa? Nyingi hufa kweli, kwa kuwa zikishamaliza kujenga ukuta, kazi ya kuhimili mmea hufanywa na ukuta huo. Hata hivyo, nyuzi za mwanzi zinaweza kubaki hai kwa miaka, na mwanzi haulegei kwa sababu hiyo. Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye zailemu. Mirija yake pia ina lignini, nayo sharti ife: vilivyomo ndani ya seli visipoondoka, maji hayapiti. Hapo nakubali kwamba kifo ni sehemu ya kazi. Lakini hata mrija uliokwisha kuwa mtupu, bila ukuta mgumu ungebonyea kwa mvuto wa maji yanayopanda.

Wiki ijayo ni zamu ya floemu, ambayo mirija yake ya chujio iko hai ingawa haina kiini.