Tusome Balbu Kabla ya Kuinunua

Msimu wa korosho ukifika, fedha huingia katika nyumba nyingi za Masasi na Newala. Huyu ananunua bati, yule ananunua saruji. Siku hizi wengi wananunua na taa. Zamani kuchagua taa ilikuwa kazi ndogo. Kulikuwa na koroboi, chemli, na karabai kwa siku za ngoma au harusi. Leo ukiingia dukani unakuta balbu za kila namna. Tuchukue ipi?

Kila aina ina wapenzi wake. Utamsikia mzee mmoja akisema, "Mimi glopu ya njano ndiyo taa. Mwanga wake kama wa moto wa kuni." Mwenye duka atamjibu, "Hapana, mzee wangu. Taa ni tyubu ndefu, inamulika mpaka kwenye pembe." Na kijana atasema, "Siku hizi ni LED tu, baba. Hizo nyingine zinakula umeme." Nani anasema kweli? Hebu tuzitazame moja moja.

GLOPU YA WAYA

Hii ndiyo kongwe. Thomas Edison wa Marekani alionyesha glopu yake mwaka 1879. Wakati huo huo Joseph Swan alikuwa akitengeneza ya kwake huko Uingereza. Ndani ya kioo mna waya mwembamba sana. Umeme ukipita, waya unapata moto mpaka unawaka. Hapo ndipo penye tatizo. Katika kila sehemu 100 za umeme inaoutumia, karibu sehemu 95 zinageuka joto. Mwanga ni zile chache zinazobaki. Ndiyo maana ukiigusa inakuunguza.

Glopu ya kawaida huishi kama saa 1,000. Ukiwasha saa 5 kila usiku, hizo ni siku 200 tu.

Lakini tusiitupe kabisa. Mfugaji wa kuku anaipenda glopu kwa sababu ya joto lile lile. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikikaza juu ya uwanda kule Newala, vifaranga wanahitaji joto. Mfugaji akiondoa glopu na kuweka LED bandani, mwanga atauona, lakini vifaranga watakufa kwa baridi. Hapo glopu inafanya kazi yake halali. Tahadhari: ifungwe imara, mbali na maranda na majani makavu, isije ikaunguza banda.

TYUBU NA BALBU YA KUSOKOTWA

Tyubu ndefu ya zamani haina waya unaowaka kama ule wa glopu. Ndani yake mna gesi na zebaki kidogo. Umeme ukipita, unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unang'aa. Balbu ndogo ya kusokotwa, ile iliyoitwa "eneji seva," ni ndugu yake. Hutumia kama robo ya umeme wa glopu kwa mwanga ule ule.

Ubaya wake ni hiyo zebaki. Zebaki ni sumu. Balbu ya namna hii ikivunjika, watoto watoke chumbani. Fungua madirisha, ngoja kama robo saa. Usifagie kwa ufagio, maana utaitawanya. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, uvitie katika chombo chenye kifuniko. Watoto wasichezee tyubu zilizoungua.

Kuna mkataba wa mataifa kuhusu zebaki unaoitwa Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013. Minamata ni mji wa Japani ambako watu wengi waliumizwa na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini. Nchi za mkataba huo zimekubaliana kuziondoa sokoni balbu na tyubu zenye zebaki, hatua kwa hatua.

BALBU YA LED

Herufi hizi tatu, L, E na D, utazikuta kwenye boksi. Ndani ya balbu hii hamna waya wa moto wala zebaki. Mna vipande vidogo sana, vingine kama punje ya mtama, vinavyotoa mwanga umeme ukipita. Taa nyekundu za namna hii zilikuwapo tangu miaka ya 1960. Lakini mwanga mweupe ulishindikana kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na LED nzuri ya buluu. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, ndio waliopata ya buluu. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

LED nzuri huweza kuishi saa 15,000 na zaidi. Kwa saa 5 kila usiku, hizo ni siku 3,000, yaani zaidi ya miaka 8. Lakini tumesema LED nzuri. Za ovyo nazo ziko nyingi, na hufa baada ya miezi michache. Tafuta nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na uulize dhamana. Omba risiti, uitunze.

WATI NI CHAKULA, LUMENI NI KAZI

Watu wengi hufika dukani na kusema, "Nipe ya wati sitini." Wanadhani wati ni nguvu ya mwanga. Sivyo. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na kwenye boksi huandikwa "lm."

Tuchukue mfano wa palizi ya mikorosho. Una vibarua wawili. Wa kwanza anakula sahani sita za ugali, anapalilia mistari kumi. Wa pili anakula sahani moja, naye anapalilia mistari kumi. Utamwajiri yupi? Glopu ya wati 60 inatoa kama lumeni 700 hadi 800. LED ya wati 9 inatoa lumeni hizo hizo, na pengine zaidi.

Sasa tupige hesabu. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Nyumba ina balbu tatu, zinawaka saa 5 kila usiku.

Glopu za wati 60: 60 mara 5 ni 300. Mara siku 30 ni 9,000, yaani uniti 9. Balbu tatu ni uniti 27 kwa mwezi.

LED za wati 9: 9 mara 5 ni 45. Mara siku 30 ni 1,350, yaani uniti moja na theluthi hivi. Balbu tatu ni kama uniti 4 kwa mwezi.

Tofauti ni uniti 23 kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu uniti 275. Kila mmoja wetu azidishe kwa bei ya uniti anayolipa, aone ni daftari ngapi za watoto, au ni mifuko mingapi ya salfa ya korosho. Sisi wakulima wa korosho tunapata fedha kwa msimu, lakini LUKU inadai mwaka mzima. Basi hesabu hii si mchezo.

MAANDISHI MENGINE YA KWENYE BOKSI

V ni volti. Umeme wa nguzo ni volti 230, kwa hiyo boksi liandikwe 230V au 220–240V. Balbu ya 12V ni ya betri na sola. Usiiweke kamwe kwenye umeme wa nguzo, itaungua au kupasuka.

K huonyesha rangi ya mwanga. 2700K ni njano, kama glopu. 6500K ni mweupe sana. Kwa hiyo yule mzee wetu mpenda mwanga wa njano hana haja ya glopu. Atafute LED ya 2700K. Nje kwenye baraza pia njano inafaa, kwa kuwa mwanga mweupe huvuta wadudu wengi zaidi. Labda kama unangojea kumbikumbi!

B22 ni kitako chenye pini mbili. E27 ni kitako cha kuzungusha kama skrubu. Tazama kwanza holda ya nyumbani kwako. Wengi hununua, kisha wanarudi dukani mbio.

KWA NYUMBA ZISIZO NA NGUZO

Tangu mwaka 2007 mitambo ya Mtwara mjini imekuwa ikifua umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 2007 Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi ya kupeleka umeme vijijini. Hata hivyo, nguzo kupita kijijini si sawa na umeme kuingia kila nyumba. Wengine bado wanatumia koroboi.

Koroboi ina mwanga hafifu na moshi mwingi. Moshi ule unaingia kifuani mwa mama na watoto. Ikianguka, inaunguza nyumba, hasa ya makuti au nyasi. Na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto anaweza kuyanywa. Kwa sababu LED inakula kidogo sana, paneli ndogo ya sola yatosha kuiwasha. Weka paneli juani moja kwa moja, siyo kwenye kivuli cha mkorosho, na uifute vumbi mara kwa mara.

Mwisho, usalama. Zima swichi kabla ya kubadili balbu. Iache glopu ipoe. Mikono iwe mikavu, na usimame juu ya kiti kikavu cha mbao.

Basi, ndugu wasomaji, kila taa ina kazi yake. Kwa banda la vifaranga, glopu. Kwa nyumba, duka na baraza, LED. Lakini mchaguzi asiwe muuzaji, wala jirani. Mchaguzi awe wewe, kwa macho yako. Tulijifunza kusoma na kuhesabu ili tutumie, na boksi la balbu nalo ni kitabu kidogo. Tulisome kabla ya kutoa fedha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Lumeni ni nini, na wati ni nini?
2. Nyumba yako ina balbu ngapi, na zinakula uniti ngapi kwa mwezi?
3. Kwa nini LED haifai kulelea vifaranga?
4. Balbu yenye zebaki ikivunjika, tufanye nini?