Farasi Barabarani: Sheria Chache, Adabu Nyingi

Nchini Uingereza farasi hajawahi kuondolewa barabarani. Isipokuwa kwenye barabara za mwendo kasi zilizotengwa kwa ajili ya magari, mpanda farasi anayo haki ya kupita katika barabara za umma kama aliyo nayo mwenye gari, na haki hiyo si hisani ya wenye magari, kwa kuwa gari ndilo lililomkuta farasi njiani. Katika England na Wales, sheria ya barabara kuu ya mwaka 1835, iliyopitishwa nusu karne kabla ya kuundwa kwa gari la petroli, ndiyo inayomkataza mpanda farasi mpaka leo kupita juu ya njia ya waenda kwa miguu iliyo kandokando ya barabara. Sheria nyingine ya mwaka 1847 inakataza kumkimbiza farasi ovyo mitaani, na sheria ya vileo ya mwaka 1872 inamhesabu kuwa mkosaji mtu aliyelewa huku akisimamia farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke katika njia ya umma. Mitambo ya mvuke imebaki katika maonyesho na majumba ya makumbusho, lakini kifungu kingali hai, na farasi naye angali barabarani.

Sheria hizo zote, hata hivyo, zinagusa sehemu ndogo tu ya yale yanayomfikisha farasi salama aendako. Sehemu kubwa imo katika Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani kilichotolewa na serikali kwa mara ya kwanza mwaka 1931 na kufanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Kitabu hicho kinatofautisha maneno mawili: pale kinaposema "lazima", nyuma yake pana sheria na adhabu, pale kinaposema "inapasa", kinatoa agizo ambalo kulivunja si kosa la jinai kwa peke yake, ingawa mahakama inaweza kulizingatia katika kuamua nani alizembea. Kanuni nyingi zinazohusu farasi ni za aina hii ya pili, kwa hiyo zinasimama kwenye mpaka kati ya sheria na adabu.

Sababu ya kanuni zenyewe ni maumbile ya mnyama. Farasi ni mnyama ambaye kinga yake ya kwanza ni kukimbia, na hukimbia kabla ya kujua anakimbia nini. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, lakini hapaoni mahali palipo nyuma yake moja kwa moja, na hapo ndipo gari hutokea. Mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, kengele ya baiskeli, honi, au injini inayovumishwa kwa hasira vinaweza kumfanya aruke upande mita kadhaa kwa ghafla, naye ana uzito wa kilo 500 au zaidi. Gari halishtuki, dereva asiyeielewa tofauti hiyo ataziona kanuni zote zinazofuata kuwa ni madaha ya matajiri.

Maandalizi huanza kabla ya kutoka zizini. Mpanda farasi hapaswi kuingia barabarani bila tandiko, yaani kiti cha ngozi kinachofungwa mgongoni mwa farasi, wala bila lijamu, yaani chuma cha kinywani pamoja na mikanda yake ya kichwani. Kwenye lijamu hufungwa hatamu, neno ambalo msomaji wa Kiswahili amelizoea zaidi katika siasa, chama kinaposemwa kuwa kimeshika hatamu, lakini ambalo hapa lina maana yake ya asili ya mikanda ya kumwongozea mnyama. Viatu vinatakiwa viwe na soli ngumu na kisigino, kwa sababu mguu usio na kisigino unaweza kupenya kwenye kikuku, yaani pete ya chuma ya kukanyagia, na mpanda farasi akianguka ataburutwa. Kofia ngumu ni lazima kwa mtoto aliye chini ya miaka 14 anapopanda farasi barabarani, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1990 inayowasamehe Masingasinga wanaovaa kilemba. Kwa mtu mzima ni jambo linalopasa tu, tofauti ambayo ni vigumu kuitetea, maana lami haiulizi umri.

Barabarani farasi hufuata upande wa kushoto kama magari, na kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda. Mikono yote miwili hukaa kwenye hatamu isipokuwa wakati wa kutoa ishara, miguu yote miwili hukaa kwenye vikuku, na hapakiwi mtu wa pili. Anayeongoza farasi wa ziada humweka kushoto kwake, ili mtu awe kati ya mnyama huyo na magari. Wapanda farasi wawili wanaruhusiwa kwenda sambamba lakini kamwe si watatu, na barabara ikiwa nyembamba au yenye magari mengi, au wanapokaribia kona, hujipanga mmoja nyuma ya mwingine. Madereva wengi hukerwa na hao wawili, wakidhani wamekaa kupiga soga, kumbe mara nyingi aliye upande wa magari yuko juu ya farasi mzoefu na anamkinga mtoto au farasi mchanga aliye upande wa ndani. Mzunguko wa barabarani, ambao Watanzania huuita kipilefti, ni mahali pa kuepukwa kila inapowezekana. Asiye na njia nyingine hubaki kushoto mwa mzunguko, akinyoosha mkono wa kulia kila anapovuka mdomo wa barabara asiyoitaka, na wa kushoto anapokaribia kutoka. Usiku kanuni inashauri kwamba ni salama zaidi kutotoka kabisa.

Kwa dereva, badiliko kubwa lilikuja tarehe 29 Januari 2022. Kabla ya hapo aliambiwa apite polepole na kwa nafasi, maneno ambayo kila mtu aliyapima kwa kipimo chake. Kanuni mpya ikataja tarakimu: amwonapo farasi, apunguze mwendo usizidi maili 10 kwa saa, sawa na kilomita 16 hivi, na anapompita aache nafasi isiyopungua mita 2. Asipige honi wala kuvumisha injini, na aheshimu ishara ya mpanda farasi anayemwomba apunguze mwendo au asimame. Marekebisho hayohayo yaliweka ngazi ya watumiaji wa barabara, ambamo mwenye uwezo wa kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Agizo la nafasi na mwendo linawahusu pia farasi wadogo wanaozurura bila mpandaji katika maeneo kama New Forest na Dartmoor, ambao huvuka barabara wakati wanaoutaka wao.

Nje ya barabara, swali la kwanza ni kama farasi anaruhusiwa kupita. Katika England na Wales njia za mashambani zimegawanywa kisheria na kuchorwa katika ramani rasmi, na vibao vyake huwa na rangi: mshale wa manjano ni njia ya waendao kwa miguu peke yao, na wa buluu ni njia ya farasi, ambayo mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli nao wanaweza kuitumia. Baiskeli ziliruhusiwa humo kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sharti kwamba mwenye baiskeli awapishe wenye miguu na wenye farasi. Njia zilizo wazi kwa farasi ni sehemu ndogo tu ya njia zote, na mara nyingi hazikuungana, kwa hiyo anayetaka kutoka njia moja hadi nyingine hulazimika kupita barabarani kati ya magari. Scotland ilichagua mkondo mwingine: sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu, pamoja na mpanda farasi, haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi maadamu anafanya hivyo kwa uangalifu.

Barabara kubwa inapoikata njia ya farasi, pengine huwekwa kivuko chenye taa zenye picha ya farasi, kinachoitwa Pegasus kwa jina la farasi mwenye mabawa wa hekaya za Kigiriki. Kitufe chake cha juu huwa kwenye kimo cha mtu aliyeketi juu ya tandiko, ili asihitaji kushuka.

Yaliyobaki ni adabu tupu, ambayo hakuna askari wa kuisimamia. Mpanda farasi anayewakuta watembea kwa miguu hurudi kwenye mwendo wa hatua, akiacha telki, mwendo wa mbio ndogo, na shoti, yaani mbio za kasi, kisha husalimu kabla ya kupita. Mwendesha baiskeli anayetokea nyuma naye hufanya vyema kutumia sauti kuliko kengele, kwa maana farasi huijua sauti ya binadamu. Lango huachwa kama lilivyokutwa, na mmoja wa wapanda farasi akishuka kulifunga, wengine humngoja mpaka apande tena, kwa sababu farasi aonaye kundi likimwacha hatulii. Baada ya mvua kubwa, wenye busara hukwepa njia laini ambazo kwato huzichimba mashimo. Farasi mwenye tabia ya kupiga teke hufungwa utepe mwekundu mkiani, na aliye bado mwanafunzi hufungwa wa kijani. Dereva aliyepunguza mwendo hushukuriwa kwa kuinuliwa mkono, na farasi akiwa hana utulivu kiasi kwamba hatamu haziwezi kuachiwa, mpanda farasi huinamisha kichwa kidogo, na dereva anayewajua farasi huelewa.