Maumivu ya Kano na Dawa za Mfadhaiko: Rudi Kliniki Kabla ya Kuacha Vidonge

Kwa mchuna chai wa Kimulot, kifundo cha mkono kinachouma si habari mpya. Vidole vinavunja majani mawili na kichipukizi, vinatupa kikapuni, vinarudi tena, tangu umande wa asubuhi hadi wakati wa kupeleka majani kituoni. Wengi huyachukulia maumivu ya kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, kuwa sehemu ya kazi. Lakini mambo hubadilika pale mwenye maumivu anapokuwa ameanzishiwa dawa za kutibu mfadhaiko, ugonjwa ambao wengine huuita sonona. Lawama zote huhamia kwenye vidonge. Jirani anashauri viachwe, na vinaachwa.

Je, dawa hizo zinaweza kuumiza kano? Inawezekana, ila si jambo la kawaida. Maumivu ya misuli na viungo yametajwa miongoni mwa athari za baadhi ya dawa za mfadhaiko, ikiwemo fluoksetini. Maumivu ya kano yenyewe hayamo katika orodha ya athari zinazoonekana mara nyingi. Anayetumia fluoksetini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusikia kichefuchefu, kukosa usingizi au kuumwa na kichwa, hasa katika wiki za kwanza. Anayetumia amitriptilini hukaukwa na mdomo, husinzia na pengine hufunga choo. Tena mfadhaiko wenyewe huumiza mwili. Wapo wagonjwa wanaofika kliniki wakilalamikia mgongo na mabega, wala hawataji huzuni hata kidogo.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anapoelezwa kuhusu kano inayouma, huanza kwa kuuliza maswali. Maumivu yalianza lini, na dawa ilianza lini? Je, dozi iliongezwa hivi karibuni? Maumivu yaliyo upande wa kidole gumba au kwenye kiwiko, yanayozidi msimu wa mvua majani yanapokuwa mengi na kupungua mtu akipumzika, huelekea kuwa ya kazi. Yakizuka siku chache au wiki chache baada ya dawa mpya, tena mahali ambapo kazi haipagusi, dawa inastahili kuchunguzwa.

Swali jingine ambalo wengi hawalitarajii ni hili: umemeza dawa gani nyingine? Zipo dawa zinazojulikana wazi kuumiza kano, na si za mfadhaiko. Ni za kuua bakteria, za jamii ya siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro na hupewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo au homa ya matumbo. Mwaka wa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za jamii hiyo ziwekewe onyo lake kali zaidi, kwa sababu zinaweza kuvimbisha kano na hata kuikata, hasa ile ya kisigino. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyepita miaka 60 na kwa anayetumia dawa za steroidi kama prednisoloni. Maumivu yanaweza kuanza baada ya siku chache za kumeza dawa, au miezi kadhaa baada ya dozi kwisha, wakati mgonjwa amekwishasahau kwamba aliimeza. Kidonge cha mfadhaiko, kwa kuwa humezwa kila siku, ndicho kinachokumbukwa na kulaumiwa.

Ndiyo maana daftari la kliniki lina thamani. Wapo wanaoweka daftari mbili, moja ya magonjwa ya kawaida na nyingine ya dawa za mfadhaiko inayofichwa chini ya godoro ili watu wasiseme. Aibu hiyo inaeleweka, lakini gharama yake ni kwamba mhudumu anaandika dawa bila kujua nyingine. Amitriptilini yenyewe, kwa dozi ndogo, hutolewa pia kutuliza maumivu ya neva, kwa hiyo kuonekana nayo hakumwambii mtu yeyote unatibiwa nini.

Kuacha vidonge ghafla kuna hatari zake. Mtu anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi na hisia kama za kupigwa na umeme kichwani. Misuli pia inaweza kuuma, kwa hiyo aliyeacha dawa ili aondokane na maumivu anaweza kujiongezea maumivu. Lile jaribio la “acha siku tatu uone” halisaidii. Fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na siku tatu hazithibitishi lolote. Hatari kubwa zaidi ni mfadhaiko kurudi, pengine ukiwa mzito kuliko ulivyokuwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unapendekeza matibabu yaendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha. Ikibainika kwamba dawa ndiyo yenye makosa, mhudumu anaweza kupunguza dozi polepole au kumbadilishia mgonjwa dawa.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni dawa za maumivu zinazonunuliwa kwenye kemisti njiani kutoka kituo cha majani. Diklofenaki au ibuprofeni, zikitumiwa pamoja na fluoksetini, huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Choo cheusi kama lami ni ishara ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Tramadoli pamoja na dawa za mfadhaiko inaweza kuleta kutetemeka, jasho jingi, homa na kuchanganyikiwa, na hilo ni jambo la dharura. Kwa wengi parasitamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, ndiyo chaguo salama zaidi wakati wa kusubiri kuonana na mhudumu. Mweleze mwenye kemisti dawa zote unazotumia, hata kama duka limejaa watu. Unaweza kumwonyesha pakiti bila kusema neno.

Kupumzisha mkono ni sehemu ya tiba, ingawa ni rahisi kusema kuliko kutenda kwa familia inayolipwa kwa kilo. Penye nafasi, wanafamilia wabadilishane kuchuna na kubeba, na mkono unaouma upewe siku chache. Ukisikia mlio kama wa kitu kukatika kisiginoni, au ukishindwa kusimama kwa vidole vya mguu, acha kutembea uende hospitali.

Wakazi wa Kimulot na maeneo mengine ya Konoin waanzie kituo cha afya kilicho karibu. Anayehitaji uchunguzi zaidi anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Longisa. Mgonjwa akishuku kwamba dawa imemletea maumivu, ana haki ya kuomba mhudumu aripoti jambo hilo kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Fomu ya kuripoti athari za dawa ni ya rangi ya manjano, na haihitaji uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo. Shaka inatosha.

Aliyekwisha kuacha vidonge arudi bila kuogopa kukaripiwa. Mtu anayewaza kujidhuru, awe anatumia dawa au la, asisubiri siku ya kliniki. Anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au mtu wa nyumbani ampeleke hospitali mara moja.