Makapimlo au Nyuzinyuzi?

Katika Kiswahili cha kawaida, makapi ni mabaki ya nafaka iliyotwangwa na kupepetwa, yaani kitu cha kutupwa au cha kulishia kuku. Istilahi makapimlo imeunganisha makapi na mlo ili kutaja sehemu ya mimea isiyomeng’enywa katika utumbo mwembamba. Istilahi nyingine, nyuzinyuzi, ni takriri ya nyuzi.

Kila moja ina kasoro yake. Nyuzinyuzi humfanya msikilizaji atafute kinachofanana na uzi, ilhali sehemu ya nyuzinyuzi za maharage huyeyuka majini. Makapimlo nayo hubeba dharau ya makapi. Mgonjwa wa kisukari anayeshauriwa kuacha sembe na kula dona aweza kudhani anapewa chakula cha kuku. Kumbe sehemu hiyo hiyo inayodharauliwa hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ushauri huo hufika mezani kwa njia ya neno. Kwa hiyo, istilahi ya lishe haitoshi kueleweka kwa mtaalamu. Sharti ikubalike pia kwa mpishi na mlaji.