UJENZI KANDOKANDO YA ZIWA NA MITO

Wakazi wa Buhongwa wanakumbushwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Wapo wanaodhani kuwa, kwa vile Ziwa Victoria liko mbali na viwanja vyao, sheria hiyo haiwahusu. Sivyo. Udongo wa msingi na maji machafu ya vyoo husombwa na mvua hadi mtoni, kisha ziwani, yakarutubisha magugumaji; na maji ya ziwa hilo hilo ndiyo yanayonywewa mjini Mwanza. Anayenunua kiwanja apime umbali huo kabla ya kulipa, si baada ya kujenga msingi.