"Usile Kitu": Na Dawa Je?

Jioni ya kuamkia upasuaji, bibi yangu aliambiwa sentensi moja tu: "Kuanzia saa sita usiku usile kitu." Kwa mtu aliyefunga Ramadhani tangu utotoni, hiyo si kazi. Asubuhi nilipofika spitali, moja ya hapa Pemba, nilimkuta na kifuko chake cha plastiki mkononi. Kidonge cha sukari keshakimeza. Cha presha amekiacha.

"Dawa si chakula, mjukuu wangu. Na presha leo siisikii."

Kumbe amefanya kinyume. Glibenklamaidi, kidonge alichomeza, hulilazimisha kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Tumbo likiwa tupu, sukari inashuka tu. Saa tatu akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Sisi tukadhani ni hofu ya kisu. Muuguzi akamtoboa kidole, akapima, akamtundikia dripu ya glukosi haraka. Operesheni ikaahirishwa. Angekuwa keshapigwa nusukaputi, nani angemwona anatetemeka?

Dawa nyingi za presha huendelea kumezwa hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda moja la maji. Wafarini, inayozuia damu isigande, kwa kawaida husimamishwa kama siku 5 kabla, na anayepanga ni daktari, si mgonjwa. Vidonge vitatu, kifuko kimoja, na kila kimoja kina amri yake. "Usile kitu" haisemi hata moja.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo Ifakara, hapa hapa Tanzania, na vifo vikashuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Orodha ile inauliza kama mgonjwa ana mzio, na kama antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Haiulizi asubuhi umemeza nini. Hilo tunabaki nalo sisi tunaosindikiza wagonjwa: tuseme, hata tusipoulizwa.

Bibi alipasuliwa wiki mbili baadaye, salama. Akarudi nyumbani na bahasha ya panadol imeandikwa 2x3. Mdogo wangu wa darasa la sita akaisoma kama alivyofundishwa skuli: "Sita, bibi." Keshamhesabia sita kiganjani! Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba ninasomea ualimu, na alama hiyo ya kuzidisha nitaifundisha mimi. Kwenye bahasha maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa kutwa. Na "kutwa" nayo ina mtego wake, maana wengi wetu tunaisikia ni mchana tu, wakati mwenye dawa anakusudia saa 24, yaani kila baada ya saa 8.

Nikaandika upya nyuma ya bahasha: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Bibi akauliza, "Hiyo ya saa nane, kabla ya adhuhuri au baada?"

"Baada, bibi. Kabla ya alasiri."