Tetere Akijenga Kiota Nyumbani, Mpe Mwezi Mmoja

Wakazi wengi wa Wadi ya Gatuanyaga, eneo bunge la Thika Mjini, huamshwa asubuhi na mlio wa tetere, ndege anayeitwa ndutura kwa Kikuyu. Njiwa hawa wa porini wanaweza kutaga mwezi wowote, lakini huonekana zaidi wakijenga viota baada ya mvua, mbegu za nyasi zinapokuwa tele. Hujenga kwenye miti ya boma, kwenye ua, chini ya paa na hata juu ya taa ya ukutani. Viota vingi hupotea kwa sababu watu hawaelewi tabia za ndege huyu, na mara nyingine ni wale wanaotaka kumsaidia.

Ni ndege gani?

Aina tatu huonekana mara kwa mara. Tetere wa kawaida ni wa kijivu, na ana utepe mweusi nyuma ya shingo. Wa pili anafanana naye, lakini ni mkubwa zaidi na ana macho mekundu. Wa tatu ni mdogo, hana utepe huo, ana madoadoa meusi kifuani, na mlio wake ni kama mtu anayecheka kwa sauti ya chini.

Kiota chepesi si kiota kibovu

Kiota cha tetere ni vijiti vichache tu vilivyopangwa, na wakati mwingine mayai huonekana ukiwa chini yake. Hivyo ndivyo anavyojenga. Usiongeze nyasi wala kukihamishia kwenye sanduku. Kiota kikisogezwa hata mita chache, mara nyingi wazazi hukiacha.

Jike hutaga mayai 2. Kuatamia huchukua takriban wiki 2, na wazazi wote wawili hushiriki: kwa kawaida dume hukaa mchana, jike usiku. Kwa kuwa wanafanana, mwenye nyumba hudhani ni ndege mmoja anayeshinda njaa siku nzima. Ndege anayetulia kiotani bila kusogea hata mtu akipita karibu si mgonjwa, analinda mayai. Akishtuliwa, anaweza kushuka chini akipigapiga mabawa kana kwamba amevunjika. Hiyo ni hila ya kumvuta adui mbali na kiota. Asikimbizwe, kwa maana kila dakika anayokuwa nje, mayai hupoa na kunguru hupata nafasi.

Kinda akipatikana chini

Siku za kwanza, makinda hulishwa maji mazito kama maziwa yanayotengenezwa katika kifuko cha chakula shingoni mwa wazazi, mama na baba. Baadaye huongezewa mbegu. Maziwa ya ng'ombe na mkate haviwezi kuchukua nafasi ya chakula hicho, na vinaweza kumuua kinda.

Makinda huondoka kiotani wakiwa na takriban wiki 2, kabla hawajaruka vizuri. Mwenye manyoya kamili anayekaa chini au juu ya ua hajatupwa. Wazazi wako karibu na bado wanamlisha. Mweke kwenye tawi la karibu, kisha zuia paka na mbwa. Asiye na manyoya arudishwe kiotani. Si kweli kwamba wazazi humkataa kwa sababu ameshikwa na mtu.

Kuku, maji na usafi

Njiwa wanaweza kubeba virusi vya kideri, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita Newcastle. Hauna tiba, lakini una chanjo. Kubomoa kiota kimoja hakutawakinga kuku, kwa kuwa njiwa wengine watakuja kutafuta chakula. Kinga ni kuchanja kuku kwa ratiba, kuwalishia ndani ya banda, na kutoacha nafaka ikiwa imemwagika uani.

Wanaovuna maji ya paa wafunike tangi na kuosha mifereji makinda yanapoondoka. Kinyesi kikavu kiloweshwe kabla ya kufagiwa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Asiyetaka kiota juu ya mlango azibe nafasi hiyo kwa waya kabla mayai hayajatagwa.

Sumu na manati

Tetere hula hasa mbegu zilizo juu ya ardhi, nyingi zikiwa za nyasi na magugu. Mbegu ya shambani ikifukiwa vizuri, si rahisi aifikie. Nafaka iliyotiwa dawa ya wadudu ili kumuua ni hatari kwa boma zima: kuku huila, mbwa hula mizoga, na mtoto anaweza kuokota ndege huyo na kumchoma. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti walirekodi ndege, njiwa wakiwemo, wakiuawa kwa dawa ya wadudu kisha wakiuzwa kama nyama.

Watoto pia waelezwe kuhusu manati. Mzazi mmoja akiuawa, mwenzake hawezi kuatamia mchana na usiku, na mayai huharibika. Aidha, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda wanyamapori kwa ajili ya nyama, na ndege wa porini ni wanyamapori.

Tangu yai litagwe hadi kinda aondoke ni takriban mwezi mmoja. Kupogoa mti au ua wenye kiota, au kupaka rangi ukuta huo, kunaweza kusubiri muda huo. Ndege wengi wakipatikana wamekufa pamoja, wasiguswe kwa mikono mitupu wala kuliwa. Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi au ofisi ya KWS iliyo karibu.